Skeli ya bluzi kwenye bluzi ya maina: ni ugali, si pilipili

Leo tunaweka kando seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu hamonika, kile kinanda cha mdomo chenye matundu 10 kinachoingia mfukoni mwa shati. Kwa sisi waandishi wa programu tulio hapa Kakamega ni chombo kinachofaa sana. Mvua ya alasiri ikishuka na stima ikapotea, kompyuta inazima, lakini hamonika haina habari.

Mada yenyewe ni finyu, ila naiona ina uzito. Karibu kila anayejifunza bluzi hupewa skeli moja ya noti sita na kuambiwa: piga hizi tu, hutakosea. Akifika kwenye bluzi ya maina anaambiwa hivyo hivyo, tena kwa mkazo zaidi. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili haisemwi, na mwanafunzi hupanda na kushuka ngazi ileile ya noti sita mpaka anajichosha mwenyewe, kisha anaamua kwamba hana kipaji. Anaiweka hamonika kwenye droo na mambo yanaishia hapo. Kilichokuwa na upungufu ni maelezo aliyopewa, si yeye.

Msimamo wangu ni huu: skeli ya bluzi inakaa vizuri zaidi kwenye bluzi ya maina kuliko kwenye bluzi ya meja, na ndiyo maana huko inachosha haraka. Kwenye meja skeli hii ni pilipili. Kwenye maina ni ugali. Ugali hauna kosa lolote, lakini ni nani anayekaribisha wageni kwa ugali mtupu?

Twende polepole.

Kwanza, chombo

Chukua hamonika ya kawaida ya ufunguo wa C. Mpangilio wa noti zake ni wa Ulaya ya karne ya 19. Matthias Hohner alianza kuzitengeneza mjini Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, na ile Marine Band iliyopendwa na wapiga bluzi ilitoka mwaka 1896. Ilipangwa kwa ajili ya nyimbo za meja: ukipuliza popote unapata C, E, G. Ukivuta tundu la 1 hadi la 4 unapata D, G, B, D, yaani G meja.

Sasa vuta tundu la 4, la 5 na la 6 kwa pamoja. Unapata D, F, A. Hiyo ni D maina, imekaa tu hapo inakungoja. Vuta la 8, la 9 na la 10 na utaipata tena, juu zaidi. Kuipiga hamonika ya C kwa ufunguo wa D kunaitwa nafasi ya tatu, na wapigaji wa bluzi kama Little Walter na George "Harmonica" Smith waliitumia vizuri sana. Kwa bluzi ya maina, naona hapo ndipo pa kuanzia.

Noti sita ni zipi?

Skeli ya bluzi ya D ni D, F, G, A flati, A, C. Kwa wanakwaya waliolelewa na solfa, ukiifanya F kuwa do, basi ni la, do, re, mi iliyoshushwa, mi, so. Katikati ya hamonika ya C inapatikana hivi:

- D: vuta 4
- F: vuta 5
- G: puliza 6
- A flati: vuta 6 huku ukiikunja
- A: vuta 6
- C: puliza 7
- D: vuta 8

Kukunja noti ni kuishusha kwa kubadilisha umbo la kinywa wakati unavuta, kama mtu anayetoka kwenye "i" kwenda "u". Angalia tena orodha hiyo: noti sita zote, na unakunja mara moja tu. Ni vigumu kupata mahali pengine kwenye chombo hiki ambapo skeli ya bluzi inakuja kwa urahisi namna hii. Ndiyo sababu watu huipenda, na ndiyo sababu huishia hapo.

Tuulize kompyuta

Bluzi ya maina ina vipimo 12. Umbo moja linalotumika sana, katika ufunguo wa D, ni hili:

Vipimo 1 hadi 4: Dm7
Vipimo 5 na 6: Gm7
Vipimo 7 na 8: Dm7
Kipimo cha 9: Bb7
Kipimo cha 10: A7
Vipimo 11 na 12: Dm7

Kwa hiyo kuna kodi nne (za muziki, si zile za KRA). Mwandishi wa programu akiona jambo kama hili anafikiria seti. Weka skeli kwenye seti moja, noti za kila kodi kwenye seti yake, kisha tafuta zinazoingiliana. Ni mistari isiyozidi kumi ya Python. Majibu ni haya:

Dm7 (D, F, A, C): noti 4 kati ya 4 zimo ndani ya skeli.
Gm7 (G, B flati, D, F): 3 kati ya 4. Inakosekana B flati.
Bb7 (B flati, D, F, A flati): 3 kati ya 4. Inakosekana tena B flati.
A7 (A, C shapu, E, G): 2 kati ya 4. Zinakosekana C shapu na E.

Jumla ni 12 kati ya 16. Kwa seti ya noti sita tu, hayo ni matokeo mazuri sana. Wanaosema "hutakosea" wana hoja.

Lakini itazame Dm7 vizuri: nne kati ya nne. Kodi inayochukua vipimo vinane kati ya 12 haina hata noti moja inayobishana na skeli. Linganisha na bluzi ya meja, ambapo kodi ya nyumbani ni D7 (D, F shapu, A, C). Huko F ya skeli inasuguana na F shapu ya kodi kwa nusu toni. Msuguano huo, ule utamu wenye uchungu, ndio unaoifanya bluzi kuwa bluzi. Mpigaji hahitaji kufanya mengi. Akiigusa F tu juu ya D7, msikilizaji anakunja uso na kutikisa kichwa.

Kwenye maina F ndiyo yenye nyumba. Haibishani na mtu. C nayo ni ya nyumbani. Katika noti sita, imebaki moja tu yenye ukali juu ya kodi ya kwanza, nayo ni A flati. Ndiyo maana nasema pilipili imegeuka kuwa ugali. Anayeipiga skeli hii juu na chini kwenye maina kama alivyoipiga kwenye meja atashangaa kwamba hakuna anayetikisa kichwa. Noti zake zote ni sahihi, na hakuna alichosema.

Mboga ni noti tatu

Hesabu zile zile za seti zimetuonyesha dawa. Noti zilizokosekana katika kodi zote nne ni tatu tu: B flati, C shapu na E. Zote zimo ndani ya hamonika ileile:

E ni puliza 2, 5 au 8. Ni ya bure kabisa.
C shapu ni vuta 4 ukiikunja nusu toni, au vuta 1 ukiikunja.
B flati ni vuta 3 ukiikunja nusu toni. Kule juu kabisa ni puliza 10 ukiikunja toni nzima.

B flati inaisema Gm7 wazi kuliko noti nyingine yoyote, maana ndiyo inayoifanya kodi hiyo kuwa maina. C shapu inafanya kazi kama hiyo kwenye A7: inaivuta sikio irudi D kwa nguvu ambayo C ya kawaida haina. C ya kawaida juu ya A7 nayo ina ladha yake ya bluzi, siikatai, lakini uichague ukijua kwamba unachagua.

Sita na tatu ni tisa. Zinabaki tatu katika zile 12: E flati, F shapu na B. Mbili za kwanza haziji bila kukunja noti au mbinu ngumu zaidi, kwa hiyo si rahisi kuziangukia kwa bahati mbaya. B ndiyo mtego wenyewe. Imekaa wazi kwenye vuta 3 na vuta 7, majirani wa noti unazozihitaji. Juu ya Dm7 ina utamu fulani, lakini Gm7 ikifika B inagongana na B flati uso kwa uso. Ukimsikia mtu anapiga nafasi ya tatu vizuri halafu kwenye kipimo cha 5 kila kitu kinachacha ghafla, angalia tundu la 3 na la 7. Mara nyingi jibu liko hapo.

Kodi moja inayomaliza ubishi

Kuna mfano ninaoupenda kwa sababu unaonyesha kwamba hakuna skeli itakayokufanyia kazi ya kusikiliza.

Nimeandika kipimo cha 9 kuwa Bb7. Ndani ya Bb7 kuna A flati, ile noti kali ya skeli ya bluzi. Juu ya kodi hiyo ukali wake unaisha. Inakaa kama mtoto wa nyumbani, na A ya kawaida ndiyo inayogongana. Lakini nyimbo nyingine mahali hapo huweka kodi ya aina ya pili, Bbmaj7, yenye A badala ya A flati. Hapo kila kitu kinapinduka: A inapumzika, A flati inachoma.

Wimbo wa "The Thrill Is Gone" kama alivyourekodi B.B. King mwaka 1969 ni wa aina hiyo ya pili. Uko B maina, na kipimo chake cha 9 ni Gmaj7, kisha F#7. (Kuufuata kwa nafasi ya tatu utahitaji hamonika ya A.) Skeli ni ileile na kipimo ni kilekile, lakini noti inayochoma imebadilika kwa sababu kodi imebadilika kwa noti moja. Ukiwa umekariri tu, hutajua ni ipi kati ya hizo mbili inayopigwa nyuma yako. Ukiwa unasikiliza, utajua kabla hata ya kujua jina la kodi.

Wenzangu wa programu mnalifahamu jambo hili. Kuna msimbo ambao thamani zake zimeandikwa moja kwa moja ndani, ukafanya kazi kwenye mashine ya aliyeuandika. Na kuna msimbo unaosoma mazingira yake kwanza. Wa kwanza si mbaya kwa kuanzia. Ubaya ni kuupeleka kwa mteja ukidhani kazi imekwisha.

Majibu kwa wanaonipinga

*"Bluzi ni hisia. Wewe unatuletea hesabu."* Hisia sizipingi. Lakini hisia hazikuzuii kusikia kodi inapobadilika. Ndizo zinazokufanya usikie. Tazama isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwimbaji kiongozi huimba akifuatana na mapigo yake. Aliyesimama mbele akiimba bila kujali ngoma zinasema nini, watu hawasemi ana hisia. Wanamtafuta mwingine.

*"Nunua hamonika ya maina, yaishe."* Zipo, na ni nzuri. Lee Oskar na Hohner wanazitengeneza. Mwenye pesa anunue. Lakini kumwambia kijana mwenye hamonika moja ya C kwamba hawezi kuanza bluzi ya maina mpaka aagize nyingine ni kumfungia mlango ambao haukuwa na kufuli. Zile noti tisa anazo tayari mfukoni. Na hata akiinunua hiyo ya maina, bado A7 itafika kwenye kipimo cha 10 na atalazimika kuitafuta C shapu kwa sikio lake.

*"Bluzi ni ya Wamarekani. Watu wa Kakamega wana omutibo."* Wanayo, na naipenda. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alilifanya gita moja lisikike kama watu wawili. Abana ba Nasery wa Bunyore waliupeleka muziki wa namna hiyo mpaka Ulaya. Ila muziki huo kwa sehemu kubwa unakaa kwenye meja, na sikio lililolelewa nao linaijua meja kwa usingizi. Hiyo ni sababu ya kujifunza maina kwa makini zaidi, si ya kuiacha. Na mipaka ya muziki haijawahi kuwa mikali hivyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi upande wa Kericho wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, yule Mmarekani aliyeimba bluzi kwa mtindo wake wa kupaza sauti, likiwa limepita kwenye midomo ya Kikipsigis. Santuri zilifika huku kabla yetu. Hatuazimi nguo ya mtu jana tu.

Zoezi moja la wiki mbili

Kwa anayetaka kulipima hili badala ya kuniamini, tafuta rekodi yoyote ya kusindikiza ya bluzi ya D maina yenye umbo nililoandika hapo juu, iliyo ya polepole. Sahau skeli. Tumia tundu la 6 na la 5 tu, noti moja ndefu kwa kila kodi:

Dm7: A (vuta 6)
Gm7: G (puliza 6)
Dm7: A (vuta 6)
Bb7: A flati (vuta 6, kunja)
A7: G (puliza 6)
Dm7: F (vuta 5)

Noti nne tofauti, na zote zimo ndani ya skeli ya bluzi. Sikiliza kipimo cha 9 hadi cha 11: A flati, G, F. Sikio linashuka ngazi pamoja na kodi, na mtu aliye chumba cha pili atajua wimbo umefika wapi hata asiposikia gita. Hiyo ni bluzi ya maina tayari, kwa noti nne na matundu mawili.

Ukishaizoea, shuka kwenye tundu la 3. Kule, kwa kuvuta na kukunja kwa viwango vitatu tofauti, unapata B flati, A na A flati zote. Ni kazi ngumu na usitegemee kuiweza kwa siku mbili. Lakini sasa kwenye Gm7 unaweza kuweka B flati badala ya G, na utasikia kwa nini nimesema hiyo ndiyo mboga. Baada ya hapo irudie skeli yako ya noti sita. Utagundua kwamba huipandi na kuishuka tena. Unachukua humo unachohitaji na kuacha kingine.

Jambo moja la pumzi: nafasi ya tatu ina noti nyingi za kuvuta, na anayeanza hujaa hewa kama puto. G na C ni za kupuliza. Zipangie mwisho wa kila sentensi ya muziki, utoe hewa hapo.

Kwa hiyo

Skeli ya bluzi ifundishwe, na ifundishwe mapema. Ninachopinga ni ile sentensi ya "piga hizi tu, hutakosea", hasa kwenye maina. Mwalimu, au video, au rafiki anayemwonyesha mwenzake, aongeze maneno machache tu: zote zinakubali hapa, kwa hiyo chagua, na kodi ikibadilika, badilisha noti moja. Maneno hayo hayagharimu chochote na yanaweza kuiokoa hamonika moja isiishie kwenye droo.

Wenye msimamo tofauti, hasa nyinyi watu wa nafasi ya pili na ya nne, uwanja ni wenu. Njooni na kodi zenu tuzihesabu pamoja.